Ndege Katika Simu ya Sajini

"Afande, nani aliweka ndege kwa simu yako?"

Kwa swali hilo tulimwacha Sajini mstaafu Ramathan Ojera akiwa amesimama mbele ya kibanda cha simu cha Concy, chini ya maghorofa ya Bugolobi, Kampala. Kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa, na saa ya mkononi inasema tisa na dakika ishirini mchana.

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki iliyopita, habari yenyewe ni fupi. Bi Sitti, mjane wa Makindye anayesuka makawa ya kufunikia chakula yanayogombaniwa na kila bi harusi, alimwambia Sajini, ambaye naye anamtaka, siku ya Jumatano: "Baba Lakica, Jumamosi kaka yangu Wahabi anampokea Kapteni Kamis na posa yake. Kabla ya adhana ya alasiri nitakupigia simu mara moja. Ukipokea, nitamwambia kaka asubiri. Usipopokea, nitajua ulikuwa unacheza."

Mara moja! Na tangu asubuhi simu ya Sajini haikutoa hata mlio wa mbu.

"Ndege niliiweka mwenyewe," alijibu Sajini, kifua mbele. "Kwa makusudi. Hicho kinaitwa kimya cha redio."

"Kimya cha nini?"

"Cha redio, mwanangu. Miaka ishirini na sita nilikaa katika chumba cha mawasiliano cha polisi. Amri ya kimya ikitolewa, hakuna mtu kubonyeza kitufe cha kusema. Lakini masikio yako wazi. Unapokea kila kitu, hutoi kitu. Adui hajui ulipo."

"Na adui wako ni nani?"

"Mfuko wangu wa shati."

Naye alisema kweli. Jumapili iliyopita, Sajini akiwa kwa kinyozi, simu ile ilijipiga yenyewe kutoka mfukoni mwake. Ilimpigia nani? Wahabi! Kwa dakika kumi na moja Wahabi alimsikia Sajini akimweleza kinyozi kwamba Bi Sitti ni mwezi wa siku ya kumi na nne, lakini kaka yake ana kichwa ambacho risasi ingeomba njia ya kupita pembeni.

Baada ya aibu hiyo Sajini alisikia kwamba ile alama ya ndege huizuia simu kutuma mawimbi. Aliposikia kuzuia kutuma, moyo wake ulirukaruka. Kimya cha redio! Alhamisi jioni akaibonyeza ndege, akalala usingizi wa mtoto.

Concy aliweka mikono kiunoni. "Afande, kaa chini."

"Nasimama."

"Basi shika meza. Ndege inazima vyote. Kusema inazima, kusikia inazima. Ujumbe, intaneti, vyote. Mtu akikupigia anaambiwa hupatikani."

"Haiwezekani! Kengele ya alfajiri imelia leo, nikaamka, nikaswali."

"Kengele iko ndani ya simu. Haitoki kwa mnara."

"Saa yake inasema kweli!"

"Saa pia iko ndani."

"Na chaji? Chaji imekaa siku mbili, Concy! Simu mbovu inaweza kukaa na chaji siku mbili?"

"Imekaa kwa sababu haifanyi kazi! Hata mimi nikilala siku mbili, utaniona nimechoka?"

Sajini alishika meza.

Msomaji, usidhani alishtuka kwa ajili ya simu peke yake. Kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo Concy hakulijua. Jana, Ijumaa, katika mkutano wa chama cha wastaafu wa polisi na jeshi, Sajini Ojera alipewa kipaza sauti. Kwa dakika arobaini aliwafundisha wazee sitini na wawili namna ya kuiweka simu katika kimya cha redio. Alichora mchoro. Aliwaonyesha cheti chake cha mawasiliano. Alipigiwa makofi, na wote sitini na wawili wakabonyeza ndege kwa pamoja, kama gwaride.

"Toa ndege," alisema kwa sauti ndogo. "Itoe haraka."

Concy alibonyeza. Simu ikakaa kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Halafu ikalipuka! Ilipiga kelele, ikatetemeka, ikazunguka juu ya meza kama kuku aliyeona kicheche. Ujumbe kumi na tisa ulimwagika kwa pamoja.

Concy alitembeza kidole, akasimama kwenye mmoja. "Banange, jamani," alinong'ona.

Ujumbe ulisema: umepigiwa na Sitti, saa tisa na dakika mbili. Mara moja.

"Mpigie! Mpigie sasa hivi!"

Walipiga. Sauti tamu ya mwanamke wa kampuni ikajibu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.

Walipiga tena. Hapatikani.

"Labda na yeye ameweka ndege," Concy alisema akicheka.

Sajini hakucheka. Rangi ilimtoka usoni taratibu, kama maji yanavyoshuka katika pipa lililotoboka.

"Concy. Jana niliwafundisha wastaafu wote ndege hii. Wahabi alikuwa mkutanoni."

"Yule asiyekupenda? Alikaa kukusikiliza wewe?"

"Mstari wa mbele. Alikuwa anaandika katika daftari."

Concy hakungoja zaidi. Alitoa kichwa nje ya kibanda, akapiga ukelele uliosikika hadi stendi ya boda: "Fabianooo! Mpeleke Afande Makindye! Anaenda kuoa ama kuzikwa!"

*

Fabiano alikuwa mtu mzima wa ndevu za mvi, na hakuwa na tabia ya kuuliza maswali wakati pikipiki inawaka. Walipita Namuwongo, kanzu ikipepea nyuma kama bendera. Walipofika Kabalagala ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi. Alasiri ya siku hiyo ilikuwa saa kumi na robo.

Na hapo Kabalagala, pembeni ya barabara, msomaji, wakamkuta nani?

Gari jeupe. Suti ya rangi ya maziwa. Simu sikioni. Kapteni mstaafu Kamis mwenyewe! Nyuma ya gari mbuzi wawili walikuwa wametoa vichwa dirishani kama abiria waliolipa nauli.

"Sajini!" aliita Kapteni, akimsimamisha Fabiano kwa mkono. "Unakwenda wapi na kanzu hiyo?"

"Natembea kidogo."

"Juu ya boda?"

"Natembea haraka."

Kapteni hakuwa na muda wa kucheka. "Hebu nisaidie. Wahabi amehamia nyumba mpya mwezi uliopita, nami sijafika. Nimempigia mara thelathini na moja. Hapatikani! Dada yake hapatikani, mke wake hapatikani. Mtu anakualika ulete posa, halafu nyumba nzima inajizima? Wewe unaijua nyumba yake?"

Sajini aliijua sana. Kila Jumapili alikuwa akipita mbele ya lango lile kwa raba nyeupe, akijifanya anafanya mazoezi ya daktari.

Fabiano alikohoa. Mbuzi mmoja pia alikohoa.

Sajini angeweza kusema sijui. Angeweza kumwelekeza adui yake Gaba, akaishie ziwani na mbuzi wake. Nani angemlaumu? Lakini kwa miaka ishirini na sita mtu huyu hakuwahi kumpoteza njia raia aliyemwuliza, na ulimi wake ulikuwa umezoea vibaya.

"Panda kilima hiki," alisema, na kila neno lilimwuma. "Ukipita msikiti mdogo, kata kushoto. Lango la kijani."

Kapteni alimtazama kutoka kofia hadi viatu. "Kilima hiki?"

"Hicho."

"Lango la kijani?"

"La kijani."

Kapteni akaangua kicheko. "Sajini, unadhani mimi nilizaliwa jana? Mimi ni askari! Adui akinionyesha kilima, mimi nashuka bonde!"

Akaruka ndani ya gari, akaligeuza katikati ya barabara, akashuka bondeni kwa kasi, mbuzi wakilia njia nzima.

Fabiano aligeuza shingo. "Mzee wangu, umemdanganya?"

"Nimemwambia ukweli mtupu."

"Basi hatari. Twende!"

*

Saa kumi kamili Sajini alisukuma lango la kijani.

Sebuleni kwa Wahabi walikaa wazee watano juu ya zulia, macho yote yakitazama kitu kimoja katikati yao. Lilikuwa kawa bapa la Kinubi lenye rangi nyekundu na manjano, na juu yake simu tisa zimepangwa mstari kama askari wa paredi. Kila moja ilikuwa na ndege yake.

"Sajini?" Wahabi aliinuka. Alikuwa mtu mnene, mfupi, dereva mstaafu wa polisi. "Nani amekuita hapa?"

"Assalaam alaykum. Naomba neno moja tu na Bi Sitti."

"Neno moja? Maneno yako ya dakika kumi na moja nimeyasikia yote. Hujayamaliza?"

Pazia la jikoni likafunguka. Bi Sitti alitoka amejifunga gurbaba yake ya sikukuu, vazi la Kinubi la maua makubwa, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Sajini angeona heri angekuwa analia.

"Nilikupigia, Baba Lakica."

"Najua."

"Mara moja, kama nilivyosema. Akapokea mwanamke."

"Mwanamke gani?" aliruka Wahabi.

"Yule wa kampuni, kaka. Akaniambia hupatikani." Alimgeukia tena Sajini. "Mtu mzima anasema anataka mke. Saa ya kutafutwa, hapatikani."

Sajini alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari ulimini, umeiva: chaji iliisha, mama, nisamehe. Nani asingemwamini? Chaji za Kampala huisha kila siku.

Kabla hajausema, mzee mmoja mwenye fimbo aligusa simu yake juu ya kawa. "Wahabi, Kapteni amechelewa sana. Hizi simu zinasikia kweli?"

"Zinasikia, mzee. Hazisemi, lakini zinasikia. Ndiyo maana nikasema tuziweke hivi, zisitusumbue kwa upuuzi, ila Kapteni akipotea njia tumsikie."

"Una hakika?"

"Mimi simpendi huyu Sajini, lakini elimu ni elimu. Aliapa kwa cheti chake. Si huyu hapa? Mwulizeni mwenyewe."

Vichwa sita vikamgeukia.

"Sajini," aliuliza mzee wa fimbo, "zinasikia?"

Hebu simama hapo alipo, msomaji, uone mtego ulivyofungwa. Akisema zinasikia, heshima yake inabaki, cheti chake kinabaki, na Kapteni anaendelea kuzunguka bondeni na mbuzi mpaka adhana. Dakika kumi na mbili tu! Mposaji asiyefika siku ya posa, nani atampokea tena? Lakini kama simu zinasikia, basi na simu yake ilisikia saa tisa na dakika mbili, naye akamwacha Bi Sitti ajibiwe na mwanamke wa kampuni.

Akisema hazisikii, Bi Sitti atajua ukweli. Lakini Wahabi atafungua simu, Kapteni ataingia kwa lango lile, na wazee watano watatoka hapa wakitangaza mji mzima kwamba Sajini Ojera, mwalimu wa mawasiliano, ni mjinga.

Alivua kofia.

"Hazisikii," alisema.

"Nini?"

"Hazisikii, hazisemi, hazipokei ujumbe. Ziko kama matofali yenye tochi. Nilidhani ni kama redio ya polisi, na mimi niliyejifunza redio sikuuliza mtu. Simu ni kitu kingine. Nilikosea." Akamtazama Bi Sitti. "Yangu pia nilikuwa nimeiweka hivyo. Nilishinda nayo mkononi tangu alfajiri, nikiisubiri ilie."

Wahabi akapiga kelele: "Lakini nimeandika katika daftari!"

Wazee waliziangukia simu zao kama watoto walioangushiwa peremende. Ndege zikazimwa moja baada ya nyingine, na hapo nyumba ikageuka harusi ya vyombo vya muziki: zilipiga filimbi, zikapiga ngoma, moja ikawika kama jogoo. "Kumbe mkwe wangu amejifungua!" alipaza mzee mmoja. "Tangu saa tisa na nusu! Mtoto wa kiume!" Wenzake wakamkumbatia.

Na simu ya Wahabi ikalia. Kapteni!

"Wahabi! Niko bondeni kwa wafyatua matofali! Mbuzi mmoja ametapika!"

"Panda kilima, Kapteni! Ukipita msikiti mdogo kata kushoto, lango la kijani!"

Upande wa pili mbuzi alilia.

"La kijani?" Kapteni aliuliza kwa sauti nyembamba.

"La kijani!"

"Sajini aliniambia hivyo hivyo. Nakuja. Dakika tano."

Bi Sitti alikuwa amesikia yote. Alimsogelea Sajini hatua moja. "Wewe ulimwonyesha njia?"

"Aliniuliza."

"Ya kweli?"

"Nilikuwa polisi, Bi Sitti. Sikuweza kufanya lingine. Nilijaribu."

Ndipo kicheko kikamtoka. Kilianza kidogo, akakizuia kwa ncha ya gurbaba, kikamshinda. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu," alisema akifuta macho, "niliishi naye miaka thelathini na mbili. Alikuwa mtu mwema sana. Lakini neno hilo la nilikosea sikulisikia kwake hata akiwa ndotoni."

Akainama, akachukua simu yake kwenye kawa, akabonyeza namba.

"Sitti! Unampigia nani?" aliuliza Wahabi.

"Nilisema nitampigia kabla ya alasiri. Alasiri bado."

"Ulisema mara moja!"

"Ile ya kwanza haikufika, kaka. Haihesabiki."

Simu ya Sajini ililia mkononi mwake, hatua tatu kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anaipiga. Alibonyeza, tochi ikawaka, wazee wakaziba macho. Alibonyeza tena, ikampiga picha mzee wa fimbo. Mara ya tatu akapata.

"Haloo! Nakupata! Ova!" aliita kama yuko kwenye redio ya polisi.

"Unanisikia, Baba Lakica?"

"Nakusikia safi kabisa!"

"Basi sikiliza, sirudii. Nimekubali."

Sajini Ramathan Ojera, umri wa miaka sitini na nane, aliruka. Wazee wanashuhudia kwamba miguu yote miwili iliacha zulia.

"Lakini kuna sharti," simu iliendelea.

"Lolote! Hata mawili!"

"Moja linatosha. Wale wazee wako sitini na wawili wamo majumbani na simu zilizokufa. Wake zao wanawatafuta, watoto wao wanalia. Ijumaa ijayo utasimama mbele yao, na kipaza sauti mkononi, useme maneno uliyoyasema hapa. Yote. Na lile la matofali."

Kuyasema mbele ya watu saba, sawa. Kuyasema mbele ya sitini na wawili, pale alipochora mchoro, pale alipopigiwa makofi?

Alimtazama Bi Sitti akiwa na simu sikioni. Naye alikuwa anamtazama.

"Nitasema," alijibu. "Ova."

"Ngoja kwanza!" Wahabi alikuwa ameinua daftari lake kama hakimu. "Dada yangu amesema, na mimi simpingi. Lakini sharti ni sharti. Ijumaa akisimama akasema, Jumamosi nitampokea kwa mikono miwili, hata kama kichwa changu kinashinda risasi. Asiposema, iwe kwa sababu yoyote ile, Jumamosi nampokea Kapteni. Wazee mmesikia?"

"Tumesikia," walijibu wote.

"Hata mimi nimesikia."

Waligeuka. Kapteni Kamis alikuwa amesimama mlangoni, suti ya maziwa imejaa vumbi jekundu la matofali, kamba ya mbuzi mkononi. Hakuonekana mtu aliyeshindwa. Alikuwa anatabasamu.

"Ijumaa," alisema polepole. "Mkutano wa wastaafu. Sajini, hukuona ujumbe wa kamati? Ulitumwa leo asubuhi kwa wanachama wote."

Sajini aliitazama simu yake. Kati ya ule ujumbe kumi na tisa alikuwa amefungua mmoja tu. Alishuka kwa kidole, wa kumi, wa kumi na mbili, wa kumi na nne. Hapo kidole kikaganda.

Mwenyekiti wa zamani amehamia Gulu. Mwenyekiti mpya wa chama, kuanzia leo, ni Kapteni mstaafu Kamis.

Kapteni alimkabidhi Wahabi kamba ya mbuzi, akajipangusa vumbi begani.

"Orodha ya wasemaji wa Ijumaa naipanga mimi," alisema. "Na jina lako, Sajini, silioni."